Mstari Nilioufuta Kwenye Wasifu wa Mama Yako

Sekela mama,

Salamu sikuandikii, maana tumeamkiana asubuhi hii hii hapa Iyula, ukanywa chai umesimama, ukapanda gari kwenda Tunduma kukabidhi funguo za ofisi. Umesema utarudi kabla ya giza. Kesho saa nne mumeo anakuja kukuchukua, mnavuka mpaka kuingia Nakonde, na safari yako ya Afrika Kusini inaanza. Kwa hiyo nina mchana mmoja tu. Nimejifungia sebuleni na karatasi zangu, na kuku wanagonga mlango kwa midomo kwa sababu leo sijawatupia mahindi. Wagonge tu.

Mambo ya sweta, ya paspoti, ya kutobeba mzigo wa mtu usiyemjua, siandiki. Miaka kumi na mbili umepitisha malori ya watu pale mpakani, unamwambia dereva wa Kizambia "mukwai", neno lao la heshima, kwa upole mpaka analainika mwenyewe. Mimi nani nikufundishe kuvuka mpaka? Na mambo ya chuo, ya msimamizi na pendekezo la utafiti, tumeyaongea mpaka tumechoka. Nina jambo moja tu, na nimekaa nalo miaka ishirini na moja.

Wiki iliyopita tulikuwa tunapukuchua mahindi pale barazani. Nikakuuliza kwa nini chuo kilipokuita mara ya kwanza, mwaka juzi, ulikataa. Hukuinua macho. Ukasema, "Baba, nikiondoka nikakuacha na presha yako hiyo, ukaanguka, watasema tena ni mimi." Ukaendelea kupukuchua. Mimi nikanyanyuka nikasema naenda kuangalia ndama. Ndama alikuwa mzima kabisa, Sekela. Nilienda kusimama nyuma ya banda nikalia, mzee mzima.

Kwa sababu hawakuwa na haki ya kusema ni wewe hata mara ile ya kwanza. Na mimi nilijua.

Nianzie mbali kidogo, univumilie. Watu wanakushangaa, meneja wa miaka thelathini na nane anaacha kazi yake ya kupitisha mizigo anaenda kusomea shahada ya uzamivu ya biashara. Mimi nilifanya vile vile nina arobaini na nne. Nilikuwa msimamizi wa ununuzi kwenye kampuni ya kahawa, na kila mwaka walikuwa wanatuletea kijana mwenye makaratasi mengi akae juu yangu. Wananiita "mzee" kwa adabu ile inayouma. Nikasema, nitawaonyesha. Nitakudanganya nikisema nilikuwa na kiu ya elimu. Nilitaka kuitwa Daktari na watoto wale.

Nilichosomea unakijua, kitabu cha tasnifu yangu kipo hapo kabatini: namna familia za wakulima wa kahawa zinavyoamua mambo yao. Nani anaamua kuuza, nani anaamua kusubiri, nani ana sauti nyumbani. Nilizunguka Igamba na Isansa na pikipiki ya kuazima, mgongoni nimefunga mfuko wa madodoso. Mama yako ndiye alikuwa akinisomea majibu jioni, mimi naandika. Elimu yake darasa la saba, lakini macho yake, we! Anasoma jibu, anaguna, anasema, "Huyu anasema huwa anamuuliza mkewe? Muongo huyu, mkewe namjua, tunaimba naye kwaya." Nilikuwa namwambia, Lea, soma kilichoandikwa, usihukumu. Tulikuwa tunacheka sana mwaka ule wa kwanza.

Sasa upande wa Iyula nilipungukiwa na dodoso moja. Mwenye nyumba mmoja alikuwa amesafiri, na mimi nilikuwa na haraka ya kurudi chuoni Dar. Nikakaa nikajaza la nyumba yetu mwenyewe. Sehemu ya mume nikajaza, sehemu ya mke nikajaza. Mama yako hakuwepo, alikuwa shambani, na wala sikumsubiri.

Alikutana nalo wiki ile ile akiwa ananisomea. Akasoma kwa sauti: "Mtu akiugua katika familia, nani anaamua aende hospitali? Wote wawili kwa pamoja." Akaligeuza geuza. "Huyu nani? Mwandiko ni wako."

Nikamwambia, "Ni sisi."

"Sisi? Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema nini tofauti?"

"Sijui. Hujaniuliza." Akaliweka kwenye rundo, akachukua lingine, akaendelea kusoma. Jibu lile limo ndani ya kitabu changu mpaka leo, limechanganywa na majibu ya watu waliosema kweli.

Mwaka wa mwisho, Pasaka, nilikuja nyumbani siku mbili. Mama yako alienda kanisani na kandambili. Unakumbuka vile viatu vyake vyeusi? Havikuingia. Nilimuona akijaribu, amekaa ukingoni mwa kitanda, anasukuma kisigino. Nikamuuliza miguu imekuwaje. Akasema joto. Joto gani Mbozi mwezi wa nne, Sekela? Watu wanavaa makoti! Nikaitikia, "Ahaa," nikaendelea kupanga karatasi zangu. Nilisikia nilichotaka kusikia.

Mwezi wa sita ukaja likizo, kidato cha nne, miaka kumi na saba, ukamkuta hivyo. Yaliyofuata mimi nayajua kwa kusimuliwa na wewe. Kwamba alikuwa anachuma kahawa amekaa kwenye kigoda, anasogeza kigoda kutoka mbuni mmoja kwenda mwingine. Kwamba usiku halali chali, pumzi inamkataa, anaegemea ukuta. Kwamba siku moja alikuambia anapanda kuangalia mibuni ya kule juu, akakaa sana, akarudi anahema mpaka ukaogopa. Akakaa kwenye kigoda, akakushika mkono, akakwambia, "Baba yako asiambiwe. Mpaka atetee kitabu chake. Ukimpigia simu, hutakuwa mwanangu." Na wewe hukupiga.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize.

Mama yako siku ile hakwenda kuangalia mibuni. Alipanda kilimani kutafuta mtandao, na miguu ile. Alinipigia mimi.

Nilikuwa kwenye korido ya chuo, nje ya mlango wa msimamizi wangu, nimevaa tai. Akasema, "Baba Sekela, nimetoka zahanati. Mganga anasema moyo, anasema niende Mbeya haraka, nisichelewe. Njoo unipeleke. Peke yangu naogopa." Hayo ndiyo maneno yake. Nayakumbuka kama ninavyolikumbuka jina langu. Mama yako hakuwahi kuniambia anaogopa kitu chochote, hata fisi walipochukua mbuzi wetu.

Nikamwambia, "Lea, bado wiki tatu tu nitetee. Miaka mitano yote, tumebakiza wiki tatu. Jikaze kidogo. Nikimaliza nakuja nakupeleka mwenyewe, hata kesho yake."

Nilikuwa nasikia upepo wa kilimani kwenye simu. Halafu akasema, "Haya. Soma, baba." Akakata.

Unaelewa sasa? Hakukukataza kunipigia ili mimi nisijue. Nilikuwa najua! Alikukataza kwa sababu alijua ungelilia kwenye simu, na mimi ningekujibu kama nilivyomjibu yeye, na wewe ungesikia kwa masikio yako baba uliyenaye. Alinisitiri kwako. Akiwa anakosa pumzi, bado alikuwa ananisitiri mimi.

Siku ya kumi na mbili baada ya simu ile, baba mkubwa Yohana alipita hapa kuomba ndoo, akamkuta amezidiwa. Akakimbia kutafuta gari. Mlikuwa naye siti ya nyuma, kichwa chake mapajani mwako. Hamkufika hata Mbalizi, Mbeya ikiwa bado mbele. Kaka yangu akanipigia, akasema neno moja tu: "Rudi."

Nilipofika, wazee walikuwa wamekaa. Wasifu wa marehemu ulikuwa haujaandikwa. Wakasema aandike msomi. Wewe unajua hapa kwetu, watu wanaweza kusinzia mahubiri yote, lakini ukifika wasifu kila mtu anainua kichwa. Kazaliwa lini, kasoma wapi, kaolewa na nani, halafu ile sehemu yenyewe: alianza kuugua lini, nani alimuuguza, alipelekwa wapi. Hapo ndipo ukoo unapopima watu. Ole wako jina lako likosekane hapo, na ole wako zaidi likiwepo vibaya.

Karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa dodoso lililobaki, nikaandika nyuma yake. Kuzaliwa kwake niliandika vizuri. Ubatizo, kwaya, kahawa. Nilipofika kwenye ugonjwa nikaandika: "Mwezi wa sita mganga alimshauri aende Mbeya. Alimpigia mume wake simu amfuate." Niliandika, Sekela. Mkono uliandika kabla akili haijaingilia. Nikaukalia mstari ule. Nje nasikia shemeji zangu wanashuka kwenye gari wanalia. Nikaufuta kwa kalamu, mistari minne mitano juu yake mpaka karatasi ikatoboka, nikaandika badala yake: "Ugonjwa ulimpata ghafla, na mume wake alikuwa masomoni bila taarifa." Baba mkubwa Yohana akausoma kaburini kwa sauti yake ile kubwa. Bila taarifa. Watu wakanitazama kwa huruma.

Kikao cha ndugu kikaja siku ya tatu, hapa hapa sebuleni ninapoandikia. Wajomba zako walitaka kujua, na walikuwa na haki. Ghafla vipi, na wamemuona kanisani na kandambili? Nani alikuwa naye? Nani alijua? Ukaitwa. Ulikuwa jikoni, ulikuja na mikono ya sabuni. Ukasimama pale mlangoni ukasema kweli yako yote: "Mimi nilijua. Mama alinikataza nisimwambie baba."

Shangazi yako Ester akapiga makofi mara moja, akasema, "Basi wewe ndiye umemzika mama yako."

Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka dirishani. Neno moja lingetosha. Ningesema tu, "Mwacheni mtoto, mimi nilipigiwa." Mdomo wangu ulikuwa na mate, haukuwa mkavu, nisije nikakudanganya kwamba nilishindwa kuongea. Sikushindwa. Nilipiga hesabu. Nikaona wajomba zako watanifanya nini, nikaona watoto wale wa kampuni watasikia, nikaona kutetea kumesogezwa mbele miezi miwili na kunanisubiri. Nikaangalia chini. Wewe ukanitazama, ukangoja kidogo, ukarudi jikoni.

Miezi miwili baadaye nikatetea, nikafaulu, watu wakapiga makofi. Kwenye ukurasa wa mwanzo wa kitabu nimeandika kwamba nakitabaruku kwa mke wangu, aliyenivumilia. Nilirudi huku wakaanza kuniita Daktari. Bibi mmoja akaja kutoka Isansa na goti limevimba, kabeba na jogoo, nikamwambia bibi, mimi daktari wa biashara. Akaniuliza, "Sasa biashara inaumwa wapi?" Ulicheka siku ile, mara ya kwanza tangu msiba. Nami nikacheka, halafu nikaenda chumbani nikakaa, maana jina nililolitafuta miaka mitano lilikuwa linaniuma kila likitamkwa. Daktari, kwenye nyumba ambayo mama alikosa mtu wa kumpeleka kwa daktari.

Wewe ulibadilika, na wote waliona wakasifia. Umekuwa mtu wa kutoa taarifa. Mtoto wa jirani akikohoa, umeshampigia baba yake Mbeya. Mzigo wa mteja ukichelewa saa moja, umeshamwandikia. Bosi wako alipokuja kwenye harusi yako alisema mbele ya watu, "Sekela hafichi kitu." Wakapiga vigelegele. Mimi nilijua sifa ile imetoka wapi, na nikala wali wa harusi huku najua. Na kwa shangazi Ester hujawahi kula chakula tangu siku ile. Unasalimia, unakaa, unasema umeshiba.

Mara ngapi nilitaka kukuambia? Nilisema ukimaliza kidato cha sita. Nikasema ukiolewa. Nikasema nikistaafu. Ndiyo hiyo tabia niliyojifunza kwenye masomo yale, na hapo tu nitakuambia kidogo kuhusu unakokwenda. Kusoma ukubwani hakuji kukuomba maisha yako yote, ungekataa. Kunakuomba wiki tatu. Ukizitoa, kunakuomba nyingine tatu, na kila mara unaona ni kidogo, na kila mara kuna mtu kwenye simu anayeambiwa ajikaze. Na mimi nilikuwa na kosa zaidi ya hilo: nilizoea kuwajazia watu majibu. Nilijua atakachosema Lea, kwa hiyo sikumuuliza. Nilijua Lea atavumilia, kwa hiyo nikamwachia avumilie. Wewe si mimi, una moyo wa mama yako. Lakini una kichwa changu, na kichwa hiki nakijua kinavyojitetea.

Nenda ukasome. Naitaka safari hii kuliko unavyoitaka wewe. Sitaki tu uende ukiwa umebeba msiba ambao ni wangu, kila simu ya kutoka nyumbani ikikushtua. Presha yangu nitakusomea kila Jumapili baada ya ibada, namba kama zilivyo, sipunguzi. Nikiambiwa niende Mbeya nitakwambia siku hiyo hiyo, na hapa ndugu wapo watanipeleka. Na kama nitaanguka kabla sijakupigia, nitakuwa nimeanguka tu, Sekela, kama wazee wanavyoanguka.

Sikuombi unisamehe. Ukitaka kukasirika, kasirika, hata kwa miaka yote ya masomo. Nimekula huruma ya watu miaka ishirini na moja, ya kwako siitaki bure.

Kuna jambo nimelifanya bila kukuuliza, na hili unisamehe kwa kuwa bado sijapona tabia yangu. Baba mkubwa Yohana na shangazi Ester wanakuja kesho saa tatu. Wajomba zako wawili nao wanakuja kutoka Igamba. Wanadhani wanakuja kuagana nawe na kuombea safari. Ile karatasi ninayo, alinirudishia baba mkubwa baada ya maziko, nimeificha ndani ya kitabu changu mwenyewe. Kesho nitaitoa, niwaonyeshe mahali palipotoboka, halafu nisome sehemu ile upya, nimesimama, wao wamekaa. Ukitaka kuwepo, uwepo. Ukitaka kuwa chumbani unafunga begi, funga begi, ukuta huu ni mwembamba utasikia. Ila barua hii naiweka juu ya mto wako jioni hii, kwa sababu safari hii nataka wewe ujue kwanza kabla ya wao.

Nitasoma hivi:

"Marehemu Lea alianza kuvimba miguu wakati wa Pasaka. Mume wake aliona. Mwezi wa sita mganga alimshauri aende Mbeya bila kuchelewa. Alipanda kilima kwa miguu yake, akampigia mume wake simu, akamwomba aje ampeleke kwa sababu alikuwa anaogopa. Mume wake alikataa. Aliyemuuguza ni binti yake Sekela, wa miaka kumi na saba, aliyemwogesha, aliyempikia, aliyemchumia kahawa, na aliyemtii mpaka pumzi ya mwisho. Alifia mikononi mwake. Binti huyu hana kosa lolote."

Baba yako,
ambaye alipigiwa simu.